Jina Letu Liko Getini

Jumapili moja ya Februari 2025 nilimpa mvulana wa Gredi ya 6 Biblia atusomee Zaburi ya 23. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akainamisha kichwa. Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu. Alisoma vizuri mno. Penye nukta alipumua, alipofika kwenye bonde la uvuli wa mauti akashusha sauti, na kidole chake kilitembea chini ya mistari kama cha mzee wa kanisa. Nikajisemea, huyu Mungu akimjalia atakuwa mhubiri. Wenzake wakampigia makofi ya kilo.

Nilipomwendea nichukue Biblia yangu ndipo nikauona ukurasa. Alikuwa amefungua Zaburi ya 119.

Sikusema kitu mbele ya watoto. Baada ya ibada nilimwita nyuma ya kanisa, chini ya mparachichi tunakoegeshea bodaboda, nikafungua ukurasa uleule na kumwonyesha neno moja: taa. Herufi tatu, mbili kati yake zinafanana. Alilitazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mbwa wa jirani kabla ya kupita, kisha akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, hapo hatujafika."

Nilimwambia aende nyumbani salama. Neno hilo, hatujafika, limekataa kunitoka hadi leo.

Nieleze kwamba mimi si mwalimu, ingawa watoto wa shule ya Jumapili huniita hivyo. Nina duka la agroveti hapa Chavakali, magharibi mwa Kenya: mbegu, mbolea, dawa za kupe, chanjo za kuku. Dukani ndiko nilikojifunza kumtambua mtu asiyejua kusoma, maana hasemi. Mzee atakuja na chupa ya dawa akuambie ameacha miwani nyumbani, umsomee ni vifuniko vingapi kwa lita ngapi za maji. Mama atakuomba uchore alama kwa kalamu kwenye pakiti ya mbegu, ya mahindi msalaba, ya maharagwe duara, "ili wajukuu wasichanganye". Wajukuu hawana kosa lolote, lakini huwa nachora na kunyamaza. Wazee hao nawaelewa. Wengi walitolewa shule wachunge ng'ombe au wapishe kaka zao. Ila huyu kijana ana miaka 12, ana sare, ana begi, na kila asubuhi anapita mbele ya duka langu akikimbilia shule ambayo jina la kanisa letu limeandikwa kwenye geti lake kwa rangi ya buluu.

Hilo jina la getini ndilo lililonifanya nikae niandike haya.

Nyanya yangu, aliyenilea nikiwa mdogo, hakuwa akisema "twende kanisani". Alisema twende tukasome. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni makosa ya uzee, maana kanisani hatukuwa tukisoma bali tukiimba na kusinzia. Baadaye nikaelewa. Katika nchi hii ya Maragoli watu wa kwanza kuwafuata wamishonari hawakuitwa Wakristo, waliitwa avasomi. Wasomaji. Kwingine Buluhyani ni abasomi, na Wakikuyu nao wana athomi wao. Jirani akikuona umeacha tambiko na kushika kitabu, alikuita kwa kile alichokiona mkononi mwako. Imani ya moyoni hakuiona. Kitabu alikiona.

Marafiki wa Marekani, wale Quaker watatu, walifika Kaimosi mwaka 1902. Wa CMS, wamishonari wa Kianglikana, wakafungua Maseno mwaka 1906, mwaka huohuo Waadventista wakaanza Gendia kule ng'ambo ya ghuba, na mapadre wa Mill Hill walikuwa wameshafika Kisumu. Wote hao walikuwa na tofauti zao, na hizo tofauti walituachia sisi tuendelee nazo, lakini kwa jambo moja walikuwa sawa: popote walipopanda msalaba walipanda ubao na chaki. Hapa kwetu mmishonari wa Quaker, Emory Rees, alikaa miaka na Joel Litu, mwana wa Maragoli, wakitafuta maneno ya Kilogoli ya kusemea mambo ambayo Kilogoli kilikuwa hakijawahi kuyasema. Agano Jipya likatoka mwaka 1925, Biblia nzima mwaka 1951. Nyanya alikuwa na nakala yake, ameifunga kwa karatasi ya nailoni ya sukari, na alikuwa akinipa nimsomee wakati yeye mwenyewe anajua kusoma kabisa. Nikiruka mstari ananirudisha. Nikibuni neno ananigonga kwenye goti kwa kijiko cha mti.

Kwa hiyo mimi sikuwahi kupata nafasi ya kuisoma Zaburi ya 23 nikiwa nimefungua ya 119. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akiangalia ukurasa.

Sasa nirudi kwenye geti. Shule nyingi za Magharibi zina jina la kanisa mbele ya jina la kijiji, na mgeni anaweza kudhani ni za kanisa. Hapana. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 1968 serikali ndiyo msimamizi, walimu ni wa TSC, tume inayoajiri walimu, na kanisa likabaki kuwa mfadhili. Neno hilo mfadhili huwa linanichekesha, kwa sababu mfadhili kwa Kiswahili nijuacho mimi ni mtu atoaye. Sheria ya sasa, ya mwaka 2013, inalieleza vizuri katika kifungu cha 27. Mfadhili atashiriki katika kupitia mitaala na vitabu. Atakuwa na wawakilishi kwenye bodi. Atashauri na kusimamia mambo ya kiroho, hata kuweka kasisi kwa gharama yake mwenyewe. Atalinda makuzi ya kiroho bila kuingilia imani ya watoto wa dini na madhehebu mengine. Na la tano, atatoa msaada wa fedha na majengo.

Kanisa letu linayakariri yale manne ya kwanza kama yule kijana anavyokariri zaburi. La tano hatujafika.

Nasema hivyo nikiwa ndani. Mfadhili ana viti vitatu kwenye bodi ya shule na kimoja nimekikalia mimi tangu 2021. Nilichaguliwa kwa sababu nina duka, na mwenye duka hudhaniwa ana pesa. Katika miaka hiyo yote nakumbuka tumejadili choo (mara nyingi mno, kile choo kingekuwa na masikio kingekuwa kimeshajijenga), tumejadili ua, uchaguzi wa mwenyekiti, kipindi cha PPI, kile cha mafundisho ya kiroho, ambacho pasta analalamika hupewa mwalimu wa hesabu amalizie mazoezi, na nani atakayeomba siku ya sherehe ya kutoa zawadi. Sikumbuki hata siku moja tukiuliza ni watoto wangapi wa Gredi ya 3 wanajua kusoma. Swali hilo halikuwahi kuwa kwenye ajenda. Hata mimi sikuwahi kuliweka.

Nikiri na jingine, maana bila hili nitaonekana msafi kuliko nilivyo. Kabla sijaingia kwenye bodi, tuliletewa mwalimu mkuu ambaye si wa dhehebu letu. Wazee wakasema haiwezekani. Asubuhi ya Jumatatu tulikuwa getini na kufuli jipya, akina baba wakiwa na barua ya kanisa, sisi akina mama tumevaa sare zetu za ushirika tukiimba nyimbo za kitabuni. Watoto walikaa nje siku tatu. Wengine walichuma mapera, wengine waliimba nasi. Yule mwalimu alihamishiwa kwingine na sisi tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu kwa ushindi. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa anajua kufundisha. Hata alikuwa akifundisha somo gani sikuwahi kujua.

Baada ya ile Jumapili ya Februari nilienda shuleni siku ya kazi, nikamwomba mwalimu mkuu wa sasa niketi nyuma ya darasa la Gredi ya 1. Alidhani nimetumwa kupeleleza. Nikamwambia nimejituma.

Niliwahesabu watoto 74. Mwalimu wao ni binti ambaye bado hajaajiriwa na TSC, analipwa na bodi, maana yake analipwa na wazazi, na wazazi wakichelewa naye anachelewa kula. Aliandika silabi ubaoni. Ba be bi bo bu. Akapiga rula kwenye dawati na darasa zima likapaza sauti, ba be bi bo bu, mpaka mabati yakatetema. Ilipendeza. Ungepita nje ungesema hapa elimu inafanyika. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na niliona kitu ambacho yeye kule mbele hawezi kukiona: safu mbili za mwisho, watoto wanaangalia midomo ya wenzao. Hawaangalii ubao. Wanachelewa nukta moja ya sekunde, wanadaka sauti, wanaitoa. Katika kwaya ya watu 74, asiyejua wimbo anafungua tu mdomo.

Yule binti si mzembe. Alitoka jasho. Lakini ukimpa kila mtoto dakika moja tu peke yake, kipindi kimekwisha mara mbili na wengine hajawafikia.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye cheti cha P1, na alishuhudia jambo hili likianza. Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka nchini kwa mkupuo. Baba aliondoka nyumbani asubuhi akiwa na darasa la watoto arobaini na kitu, akarudi jioni akasema ameacha kuhesabu. Kulikuwa na vijana wenye ndevu. Eldoret mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na sababu aliyoitoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, ajue kama wahubiri wanasema kweli. Baba alimpenda mzee huyo bila kumwona. Alisema huyo ndiye msomaji wa zamani, wa aina ya nyanya yenu. Elimu ya bure ilikuwa neema na sitaki kusikia mtu akisema tofauti. Ila neema ile ilikuja na watoto ikasahau walimu na madawati, na hayo yaliyosahaulika mpaka leo hayajamalizika kuletwa.

Sisemi kwamba serikali imelala muda wote. Kuanzia 2015 mradi wa Tusome ulifikisha vitabu vya kusomea kwenye shule za umma kote nchini, kitabu kimoja mkononi mwa mtoto mmoja, na walimu wa madarasa ya chini wakaonyeshwa kufundisha sauti za herufi badala ya majina yake. Walimu wenyewe hukiri ilisaidia. Vitabu vile vingine vipo bado, havina majalada, vinasomwa na watoto watatu.

Lakini nikuchoree picha ya pesa, maana kwenye bodi ndiyo hesabu pekee tuliyoijua vizuri. Serikali imekuwa ikimtengea mtoto wa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa siku za masomo, hazifiki shilingi nane kwa siku. Mandazi hapa stendi ya Chavakali ni shilingi kumi. Sasa, tangu Januari 2023 sekondari ya chini iko ndani ya ua wa shule za msingi, na mtoto wa Gredi ya 7 ametengewa shilingi 15,042. Yaani mtoto akitoka mlango wa Gredi ya 6 akavuka uwanja, hatua mia moja tu, thamani yake imepanda zaidi ya mara kumi. Sina ugomvi na Gredi ya 7, wanahitaji maabara na hawana. Nauliza tu kwa nini mahali ambapo mtoto anajifunza kusoma ndipo penye mgao usiotosha mandazi moja.

Na darasa la kijana wangu lina kisa chake. Hawa wa Gredi ya 6 mwaka 2025 ndio walioingia Gredi ya 1 Januari 2020. Walisoma wiki kumi. Machi corona ikafunga shule, na wao hawakurudi hadi Januari 2021. Kisha kalenda ikakimbizwa ili muda uliopotea ufidiwe, mihula ikafupishwa, likizo zikawa za siku chache, na kufikia mwisho wa 2022 walikuwa wameshamaliza Gredi ya 3. Ile miaka ya kujua kwamba b si d, walipitishwa kama watu wanaovushwa mto kwa kubebwa. Wenye vitabu nyumbani na mama wa kuwagonga goti kwa kijiko walivuka. Wengine wamefika ng'ambo hawajui walivyofika.

Haya nilipoyasema kanisani, kwenye mkutano wa viongozi, mzee mmoja alisimama akasema tatizo kubwa la shule siku hizi ni mafundisho mapotovu yaliyofichwa kwenye vitabu vya mtaala mpya. Mkutano ukachangamka. Kila mtu alikuwa na sauti aliyotumiwa kwenye WhatsApp. Simdharau mzee huyo, mzazi ana haki ya kufungua kitabu cha mwanawe, na mimi mwenyewe nimewahi kukutana na ukurasa ambao ningependa ungeandikwa kwa busara zaidi. Lakini nilikaa pale nikiwaza, tunapigania yaliyomo ndani ya kitabu ambacho mtoto hawezi kukisoma. Huyo shetani ana haja gani ya kuandika uongo kwa watu wasiojua herufi? Kazi yake si imeshafanywa?

Nilisema hivyohivyo, kwa sauti. Pasta akacheka, kisha akaona wengine hawacheki akaomba tufunge kwa sala.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ule ustadi wa kijana, wa kukariri na kutembeza kidole, tulimfundisha sisi. Kanisani ndiko mabingwa wa kukaririsha tuliko. Kila Jumapili mstari wa kumbukumbu, kila Krismasi mtoto anasimama mbele na kutiririka sura nzima, tunampa soda na daftari. Katika miaka minane ya kufundisha shule ya Jumapili sijawahi kumpa mtoto mstari asioujua nikamwambia asome. Nilikuwa natoa ya 23, ya 121, ya 100, Yohana 3:16, zile ambazo hata mbuzi wa kanisa wanazijua. Shuleni anaitikia na darasa zima, kwangu anakariri, nyumbani nyanya yake hajui kusoma na amesema ameacha miwani. Angegunduliwa wapi? Halafu alama zake za CRE, somo la dini ya Kikristo, nilipomwuliza mwalimu wake, ni nzuri. Hadithi za Biblia anazijua zote. Anazisimulia vizuri kuliko mimi.

Kuna kisa cha Filipo na yule towashi Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini. Filipo alimkimbilia akamwuliza kama yamemwelea anayoyasoma. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kisa hicho, yote juu ya ubatizo. Siku hizi mimi husimama kwenye lile swali la Filipo, tena nimeanza kuhisi kwamba kwa watoto wetu hata hilo limeruka hatua.

Ndugu msomaji anaweza kuniuliza watoto wangu mimi wanasoma wapi. Uliza tu. Wa kwanza yuko kidato cha tatu. Wa pili, binti yangu wa Gredi ya 4, yuko akademi ya kanisa fulani njia ya kwenda Mbale, gari la manjano linamchukua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na karo yake naichukua kwa mkopo wa sacco. Siku moja kwenye kikao cha bodi niliwaangalia wenzangu wawili wa mfadhili nikahesabu. Hakuna hata mmoja wetu mwenye mtoto katika shule ile. Watoto wa pasta nao hawapo. Kiongozi wa vijana, hapana. Mwenye kwaya ana mmoja, na ni kwa sababu biashara ya mitumba ilimwendea vibaya mwaka jana. Tumeacha jina letu getini tukaondoka na watoto wetu, halafu tunarudi mara moja kwa muhula kuuliza kama kipindi cha PPI kimeheshimiwa.

Ningependa kukuambia kwamba nilimrudisha binti yangu. Sijamrudisha. Nimefikiria, nimeomba, nikampeleka dukani Mbale kumnunulia sweta jipya la akademi.

Nilichofanya ni kidogo kuliko hilo. Tuna mama mmoja hapa kanisani, mwalimu mstaafu, aliyefundisha darasa la kwanza miaka 34 na ambaye tangu astaafu kazi tuliyompa ni kupanga maua madhabahuni. Nilimfuata nyumbani nikamsimulia habari ya zaburi. Hakushangaa. Akaingia chumbani akatoka na kopo la Kimbo lililojaa vifuniko vya soda, kila kifuniko kina herufi iliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Alikuwa amevitunza tangu alipostaafu. "Nilijua mtakuja," akasema, "ila mmechelewa."

Tukaanza Jumamosi saa nane mchana, ndani ya kanisa, jengo ambalo siku sita za wiki hulala na popo. Kamati ya fedha ilikuwa imeshachanga ya kinanda kipya na haikutaka kusikia habari ya vitabu, basi tukaanza bila vitabu. Kabla ya yote mwalimu aliketi na kila mtoto peke yake, kwenye benchi la nyuma, akampima jinsi watu wa Uwezo, wale wanaochunguza usomaji wa watoto nchini, wanavyopima: silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Siku ya kwanza walikuja 26, wote wa Gredi ya 4 hadi ya 6. Kumi na mmoja waliishia kwenye maneno. Watano hawakutoka kwenye silabi. Kwa watu wanaofuatilia elimu hii si habari, ripoti za Uwezo zimekuwa zikisema hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini kusikia ripoti ni tofauti na kumwona mtoto wa jirani yako, unayemuuzia mama yake chakula cha kuku, akikunja uso mbele ya neno "kuku".

Mzee mmoja alikuja kuangalia na kuniuliza kando kwa nini kuna watoto wa Israel. Kweli walikuwepo, ndugu watatu wa kanisa la African Israel Nineveh, mama yao huwaleta akiwa na kilemba chake cheupe na kuwasubiri nje kwa sababu anasema kanisa letu lina baridi. Nikamwambia mzee kwamba kifungu cha 27 kinatuamuru kulinda imani za wengine. Akasema sawa, sheria ni sheria. Sijui kama angekubali ningemtajia Injili.

Kijana wangu wa zaburi hakuja Jumamosi tatu za mwanzo. Aliwaambia wenzake ni darasa la wajinga. Nikamngoja apite dukani nikamwambia tuna shida, mwalimu ni mzee na vifuniko vinapotea, tunahitaji mtu mkubwa wa kuvihesabu na kuvipanga kabla ya darasa. Akaja. Wiki ya kwanza alihesabu. Ya pili alipanga A mpaka Z, na mwalimu akamwacha apange vibaya, akamwambia tu, "Angalia tena, kuna mmoja anasimama mahali pa mwenzake." Alikaa pale dakika ishirini. Ilikuwa b na d.

Si wote wanaoendelea vizuri. Wanane wameacha kuja. Msichana mmoja aliyekuwa hodari kuliko wote amepelekwa Nairobi kulea mtoto wa shangazi yake, na hilo nimelisema kwa chifu na bado nasubiri. Kwenye bodi, kikao cha muhula wa pili, niliomba tuweke kwenye ajenda usomaji wa Gredi ya 3, likawekwa nambari ya mwisho, baada ya choo, na mvua ikanyesha tukaondoka kabla ya kulifikia. Nimeliweka tena.

Jumapili ya mwisho ya Septemba niliuliza nani atatusomea. Sikutaja sura. Kijana akasimama, akachukua Biblia, akafungua katikati na kuanza kufunua kurasa mojamoja, anatazama juu ya ukurasa, anafunua tena. Nilijua anakokwenda nikatamani kumzuia, maana Zaburi ya 119 ina mistari 176 na ibada ya wakubwa ilikuwa inakaribia kutoka.

Akaanza. Hakuwa na ile sauti yake nzuri. Alisoma kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni, anajaribu kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Kwenye "shuhuda" alisimama muda mrefu, akarudi nyuma, akalivunja vipande vitatu, akaliunganisha. Hakuna aliyepiga makofi. Wadogo walianza kuchezea viatu, mmoja akauliza kama kuna biskuti. Kengele ya kutoka ilipolia alikuwa kwenye mstari wa sita.

Akatoa karatasi ya peremende mfukoni akaiweka pale alipokomea, akafunga Biblia. Kisha akaniuliza kama Jumapili ijayo ni zamu yake tena, kwa sababu imebaki mistari 170.